Malimbikizo ya Social Security yakiingia kwa mkupuo: namna ya kuyaandika kwenye ritani ya kodi ya Marekani ukiwa Mwanza

Taja neno mkupuo kwenye kijiwe chochote cha wastaafu hapa Mwanza, na ndani ya dakika mbili mnabishana kuhusu kikotoo. Mkupuo wa leo ni mwingine. Ni ule wa ndugu zetu waliofanya kazi Marekani miaka kumi au ishirini, wakarudi kujenga Buhongwa au Kisesa, kisha siku moja Social Security, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Marekani, inawaingizia fedha za miaka miwili au mitatu kwa pamoja. Furaha ya siku hiyo haina mfano. Januari inayofuata inakuja fomu yenye tarakimu nene, na hapo simu zinaanza kupigwa.

Mkupuo wa namna hii hutoka njia mbili kubwa. Ya kwanza ni mafao ya ulemavu, SSDI. Maombi hukataliwa, mtu hukata rufaa, miaka inakwenda. Akishinda, analipwa malimbikizo yote baada ya kuondoa miezi mitano ya kusubiri ambayo sheria hailipi. Anaweza hata kulipwa hadi miezi 12 ya kabla ya siku aliyopeleka maombi. Ya pili ni mpya: sheria iliyotiwa saini tarehe 5 Januari 2025, iitwayo Social Security Fairness Act, ilifuta punguzo lililokuwa likiwakata watu wenye pensheni ya kazi ambayo haikuchangia Social Security. Punguzo hilo liliwagusa hata wenye pensheni za nje ya Marekani. Mwalimu aliyestaafu hapa kwetu na pensheni yake, akaenda kufanya kazi Marekani mpaka akapata haki ya mafao kule, alikuwa anakatwa. Sheria ilirudi nyuma hadi Januari 2024, kwa hiyo wengi walilipwa tofauti yote kwa mara moja mwaka 2025.

Kanuni ya kwanza ni kwamba fedha hizo huandikwa kwenye ritani ya mwaka zilipoingia, hata kama ni za miaka iliyopita. Kanuni ya pili, ambayo wengi hawaijui, ni kwamba sheria inakuruhusu kuuliza: zingelipwa kwa wakati wake, miaka ile ingetozwa kiasi gani? Jibu likiwa dogo, unatumia hilo. Ruhusa hiyo imekaa kwenye kisanduku kidogo cha kuweka alama, na hakuna mtu wa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, atakayekiweka alama kwa niaba yako.

Kwanza, hakikisha jambo linakuhusu

Mwongozo huu ni wa raia wa Marekani, au mwenye green card ambaye hajairudisha rasmi. Hao hutakiwa kutoa taarifa za mapato yao ya dunia nzima, wawe Chicago au Sengerema. Kama huna kimojawapo, Social Security hukukata kodi kabla fedha haijatoka: asilimia 30 ya asilimia 85 ya mafao, yaani asilimia 25.5, na unapata fomu SSA-1042S. Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kodi ya mapato wa kukupunguzia hapo, na hesabu za hapa chini hazitakusaidia.

Angalia pia aina ya fedha. SSI, yaani msaada kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, haitozwi kodi na haiandikwi popote kwenye ritani. Fidia ya ulemavu ya askari wastaafu vilevile haitozwi. Ile dola 255 anayolipwa mjane au mgane mara moja baada ya kifo nayo iache, si malimbikizo.

Mafao ya mtoto ni ya mtoto, hata kama hundi imeandikwa jina lako kama msimamizi. Mtoto ana fomu yake. Nimeona mzazi akijumlisha fomu tatu, yake na za wanawe wawili, akajipandishia kodi kwa fedha ambayo kisheria si yake.

Hatua ya 1: soma SSA-1099 hadi maandishi madogo

Hii ndiyo fomu ya Social Security inayoonyesha mafao uliyolipwa mwaka huo, na inatakiwa kutumwa kabla ya Januari kwisha. Kama anwani yako ni sanduku la posta la hapa, usikae unasubiri bahasha. Ipakue kwenye akaunti yako ya mtandaoni ya Social Security kuanzia Februari.

Kisanduku namba 3 ni jumla uliyolipwa mwaka huo. Namba 4 ni uliyorudisha. Namba 5 ni baki, na ndiyo utakayoifanyia kazi. Chini ya namba 3 kuna maelezo ambayo watu huyaruka, nayo ndiyo roho ya kazi yote: yanaonyesha kiasi gani kililipwa mwaka huu kwa ajili ya mwaka jana, kiasi gani kwa ajili ya mwaka juzi. Yazungushie kalamu.

Sasa utashtuka kuona jumla ya fomu ni kubwa kuliko iliyoingia benki. Fomu haijakosewa. Ada ya wakili wako imo humo, kwa sababu Social Security ilimlipa moja kwa moja kutoka kwenye malimbikizo yako: kwa makubaliano ya kawaida ni asilimia 25, na kwa maamuzi ya kuanzia tarehe 30 Novemba 2024 kikomo kiliwekwa kuwa dola 9,200. Bima ya afya ya Medicare uliyokatwa nayo imo. Inauma, maana unahesabiwa kwa fedha ambayo hukuishika, na tangu 2018 mtu binafsi haruhusiwi kuitoa ada hiyo ya wakili kwenye mapato yanayotozwa kodi. Andika namba ya fomu. Ukiandika ya benki, kompyuta ya IRS itaona tofauti kabla hujamaliza chai.

Hatua ya 2: tafuta ritani za miaka iliyotajwa

Fomu ikisema sehemu ya fedha ni ya 2023 na 2024, unahitaji ritani za miaka hiyo miwili: mapato yako, hali yako ya ndoa, riba isiyotozwa kodi kama ilikuwepo, na mafao yoyote uliyokwisha kuandika. Kama karatasi zilibaki kwenye nyumba ya kupanga kule, omba muhtasari wa ritani kutoka IRS, ama kwenye akaunti yao ya mtandaoni au kwa fomu 4506-T. Ombi la mtandaoni hutaka kuthibitisha sura na kitambulisho kwa kamera ya simu. Likigoma, na mara nyingi hugoma ukiwa na namba ya simu ya huku, peleka fomu. Usikisie mapato ya mwaka wa zamani.

Na usirekebishe ritani hizo za zamani. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu akili ya kawaida inasema fedha ya 2023 irudishwe 2023. Ritani za nyuma zinabaki kama zilivyo. Unazisoma tu.

Hatua ya 3: piga hesabu ya kawaida

Chukua nusu ya mafao yote ya kisanduku namba 5. Ongeza mapato yako mengine yote. Ongeza riba isiyotozwa kodi. Ongeza pia mshahara wa huku uliousamehesha kodi ya Marekani kwa kuwa unaishi nje. Msamaha huo hausaidii kwenye kipimo hiki. Kodi za vyumba unavyopangisha wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT pale Nyegezi nazo ni mapato: toa gharama, badilisha shilingi kuwa dola, weka. Jumla hiyo mimi huiita mapato ya kupimia.

Kwa asiye na ndoa, mapato ya kupimia yasipozidi dola 25,000, hakuna senti ya mafao inayotozwa. Kati ya 25,000 na 34,000, hadi nusu ya mafao inaweza kuingia kwenye kodi. Juu ya 34,000, hadi asilimia 85. Kwa wanandoa wanaojaza ritani moja, vizingiti ni 32,000 na 44,000. Vizingiti vya kwanza vilianza kutumika 1984, vya pili 1994, na havijapandishwa hata dola moja kufuata bei za bidhaa. Ndiyo maana mkupuo unauma: mtu ambaye kila mwaka angepita chini ya kizingiti, mwaka mmoja tu anakirukia.

Tuchukue mfano wa mjane wa Bwiru, mwenye SSDI, hajafikisha miaka 65. Mwaka 2025 fomu yake inaonyesha dola 45,000: 18,000 za mwaka huo, 18,000 za 2024 na 9,000 za 2023. Ana pensheni ya mwajiri wake wa zamani, dola 15,000.

Nusu ya 45,000 ni 22,500. Ongeza 15,000, unapata 37,500. Imevuka vizingiti vyote viwili. Sehemu iliyo kati ya 25,000 na 34,000 ni 9,000, nusu yake 4,500. Iliyozidi 34,000 ni 3,500, asilimia 85 yake ni 2,975. Jumla ya mafao yatakayotozwa ni 7,475. Ukijumlisha na pensheni, ukatoa punguzo la kawaida, yaani kiasi ambacho mlipa kodi huruhusiwa kukitoa kwenye mapato kabla ya kutozwa, ambalo kwake mwaka 2025 ni 15,750, inabaki 6,725, na kodi yake ni takriban dola 673.

Hatua ya 4: piga hesabu ya pili

Hapa fungua kitabu cha IRS namba 915. Jedwali la kwanza ndilo tulilotumia sasa hivi. La pili ni la kila mwaka wa nyuma baada ya 1993, na la nne ndilo linalokusanya majibu.

Kwa mwaka wa sasa, weka mafao ya mwaka wa sasa peke yake. Mjane wetu: nusu ya 18,000 ni 9,000, ongeza 15,000, ni 24,000. Chini ya kizingiti. Sifuri.

Kwa 2024, chukua mapato yake mengine ya mwaka ule, tuseme 14,000, uongeze nusu ya zile 18,000. Ni 23,000. Sifuri tena.

Kwa 2023, mwaka aliofanya kazi miezi ya mwanzo, alikuwa na 21,500. Ongeza 4,500, nusu ya 9,000. Ni 26,000, imezidi kwa 1,000, nusu yake 500. Kama mwaka ule angekuwa tayari ameandika mafao fulani yanayotozwa, tungeyatoa hapa ili yasihesabiwe mara mbili. Hakuwa nayo.

Jumla ni 500 badala ya 7,475. Mapato yake yote yanayotozwa sasa ni 15,500, chini ya punguzo la kawaida. Kodi ya mapato inakuwa sifuri.

Angalia kilichotokea. Zile 500 hazikurudi 2023. Zimeingia kwenye ritani ya 2025 na zinafuata viwango vya kodi vya 2025. Miaka ya nyuma imetukopesha vizingiti vyake tu.

Hatua ya 5: jaza

Kwenye fomu 1040, mstari wa 6a andika jumla ya kisanduku namba 5: dola 45,000 zote. Mstari wa 6b andika kinachotozwa: 500. Kisha weka alama kwenye kisanduku 6c. Basi. Majedwali huyaambatishi, yafunge pamoja na SSA-1099 uyaweke kabatini, maana tofauti kati ya 45,000 na 500 inaweza kumfanya ofisa aulize.

Programu za kujazia kodi zina sehemu yake, lakini nyingi hazikuulizi hadi uitafute kwa kuandika kwamba ulipokea malipo ya miaka ya nyuma. Ukipita haraka, programu inapiga hesabu ya kawaida na kukushukuru.

Kama ulikwisha wasilisha bila alama hiyo, rekebisha ritani ya mwaka uliopokea fedha kwa fomu 1040-X. Una miaka mitatu tangu ulipowasilisha. Ukiisha kuchagua njia hii, kuiacha kunahitaji ridhaa ya IRS, kwa hiyo piga hesabu zote mbili kabla.

Wenye ndoa, someni hapa mara mbili

Waliorudi wengi wana mwenza Mtanzania asiye na uraia wala green card, na wanaishi nyumba moja. Kwa mazoea hujaza ritani ya mwanandoa anayejaza peke yake. Kwa mafao ya Social Security huo ni mtego, kwa sababu mwanandoa anayejaza peke yake na aliyeishi na mwenzake hata siku moja ya mwaka, kizingiti chake ni sifuri.

Mweke mjane wetu awe mke wa mtu, namba zilezile. Asilimia 85 ya 37,500 ni 31,875, na yote inatozwa. Kodi inafika takriban dola 3,500. Hesabu ya pili nayo haimwokoi, kwa kuwa kama hata 2023 na 2024 alijaza hivyohivyo akiishi na mumewe, kizingiti cha miaka hiyo nacho ni sifuri, na jibu linapanda hadi 38,250. Ni mfano mzuri wa kwa nini hutakiwi kuweka alama ya 6c kwa kusikia tu kwamba inasaidia.

Mlango wake uko kwingine. Sheria inawaruhusu wote wawili kuamua kwamba mume asiye mkaazi ahesabiwe kama mkaazi kwa ajili ya kodi, wakajaza ritani moja. Tuseme ni mwalimu anayelipwa sawa na dola 4,000 kwa mwaka. Mapato ya kupimia ni 41,500. Yamezidi 32,000 kwa 9,500. Nusu yake ni 4,750. Jumla ya mapato yao ni 23,750, na punguzo la kawaida la wanandoa mwaka 2025 ni 31,500. Hawana kodi ya mapato ya kulipa, hata bila 6c.

Uamuzi huo una uzito. Mapato yote ya mume yanaingia kwenye ritani, mwaka huo na miaka inayofuata hadi mtakapousitisha, na mkiusitisha hamuwezi kuurudia. Mwaka wa kwanza mnaambatisha tamko lililosainiwa na wote wawili. Mume atahitaji namba ya mlipa kodi, ambayo huombwa kwa fomu W-7 pamoja na ritani ya karatasi. Hapa watu wa Mwanza hufanya kosa lile lile: wanakwenda kwa wakili, nakala ya pasipoti inagongwa muhuri, inatumwa. IRS haipokei muhuri wa wakili. Inataka pasipoti yenyewe, au nakala iliyothibitishwa na mamlaka iliyoitoa, au upite kwa wakala aliyeidhinishwa na IRS.

Kuhusu habari kwamba mafao hayatozwi tena

Tangu katikati ya 2025 zimezagaa sauti za WhatsApp zikisema Social Security imeondolewa kodi. Haijaondolewa. Kilichokuja ni punguzo la hadi dola 6,000 kwa wenye miaka 65 na zaidi, kwa ritani za 2025 hadi 2028, linaloanza kupungua mapato yakizidi 75,000 kwa mtu mmoja. Mwanandoa anayejaza peke yake halipati. Mafao yenyewe yanapimwa kwa vizingiti vilevile vya tangu zamani.

Tarehe, na jambo la benki

Anayeishi nje ya Marekani anaongezewa muda hadi tarehe 15 Juni bila kuomba. Ambatisha karatasi fupi inayosema kwamba tarehe ya kawaida ilikukuta ukiishi na kufanya kazi zako nje. Riba ya kodi unayodaiwa, hata hivyo, huanza kuhesabiwa tarehe 15 Aprili. Ukitaka hadi 15 Oktoba, peleka fomu 4868.

Mwisho kuna fomu ambayo haihusu kodi lakini mkupuo ndio huiamsha. Wengi wakipokea fedha huihamishia kwenye benki ya hapa, kumalizia paa au kununua kiwanja. Kama siku yoyote ya mwaka jumla ya akaunti zako zote za nje ya Marekani ilizidi dola 10,000, hata kwa saa chache kabla hujamlipa fundi, unatakiwa kutoa taarifa namba 114 ya FinCEN, kitengo cha Hazina ya Marekani kinachofuatilia uhalifu wa kifedha. Inahesabu akaunti ya pamoja na mwenza wako, na ile ya kikundi kama wewe ni mweka saini. Haiendi na ritani: inawasilishwa peke yake mtandaoni, bure, kwenye tovuti ya FinCEN. Mwisho wake ni 15 Aprili na huongezwa yenyewe hadi 15 Oktoba. Kwa kila akaunti andika kiasi cha juu kabisa kilichowahi kuwemo mwaka huo, ukibadilisha shilingi kwa kiwango cha Hazina ya Marekani cha tarehe 31 Desemba, si cha siku uliyotoa fedha. Kwa hiyo kabla hujaanza, pita benki uchukue taarifa ya akaunti ya mwaka mzima.